Zamu ya Wenye Shughuli

Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, watu walimwita Kipaza. Hata waliolijua jina lake halisi walikuwa hawalitumii. Kwa miaka mingi alikuwa mshereheshaji wa harusi, na sauti yake ilikuwa ya kujitosheleza. Mara ngapi kipaza sauti kilizimika katikati ya shughuli na wageni wasigundue. Alijua kumwinua babu aliyegoma kucheza. Alijua kumkalisha chini mjomba aliyeanza kutaja mambo ya ukoo, na mjomba mwenyewe akakaa akidhani amepewa heshima. Akishika ukumbi, hata wapishi waliacha masufuria wakaja kuchungulia.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Mume wake alikuwa fundi friji, mtu mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabu. Tukiwatembelea, shangazi aliongea na yeye akatikisa kichwa. Sisi watoto wa ndugu tulisema Mungu hugawa kwa mizani: mmoja kapewa mdomo, mwenzake masikio.

Kisha koo likamgomea. Ilikuwa mwisho wa msimu wa harusi, na sauti yake ikaanza kutoka kama geti lenye kutu. Daktari wa koo alimchungulia kwa mrija mwembamba wenye taa, akamwambia nyuzi zake za sauti zimeota vinundu, kama kiganja cha mkulima kinavyoota sugu. Dawa ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Si kupunguza maneno. Kunyamaza kabisa kwa wiki kadhaa, hata kunong'ona asinong'one. Baada ya hapo angeweza kuzungumza kama binadamu wengine, lakini ushereheshaji auage.

Tuliposikia, baba alisema dada yake hatakufa kwa ugonjwa, atakufa kwa maneno aliyoyameza.

Lakini kilichotokea katika nyumba ile hakuna aliyekitabiri. Jioni ya kwanza, fundi alirudi kazini, akavua viatu, akaketi kwenye kochi lake la siku zote. Alingoja. Kimya kikakaa katikati yao kama mgeni asiyejulikana katumwa na nani. Mwishowe fundi akakohoa, akasimulia habari za friji aliyoitengeneza asubuhi ile kwa mwenye bucha wa pale sokoni. Kesho yake akasimulia nyingine. Ilipofika mwisho wa wiki alikuwa anasimama kabisa, anaigiza sauti za wateja na kuonyesha kwa mikono namna mlango wa friji ulivyomdondokea. Shangazi alikaa akimtazama kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba aliyoishi miaka yote.

Simulizi nyingi zilifanana mwisho wake. Umeme unakatwa kwa matengenezo, watu hawana habari, hawachomoi vitu vyao. Ukirudi unarudi kwa kishindo, friji inaungua. Au wanaambiwa baadaye kwamba tangazo lilikuwapo, mahali ambapo hawakujua kuna matangazo.

Siku daktari aliporuhusu aongee, maneno ya kwanza ya shangazi yalikuwa swali kwa mumewe. Sauti yake ilitoka ndogo na laini, haikuwa ile tuliyoizoea.

"Haya yote ulikuwa umeyaweka wapi miaka yote hii?"

Fundi alifikiri kidogo. "Nilikuwa nangoja zamu yangu," akasema.

Shangazi alitusimulia hilo mara nyingi, na kila mara alicheka mwenyewe, kwa uangalifu, mkono kwenye koo.

Sasa ilibidi atafute kazi isiyohitaji kelele. Aliyemwokoa ni mwanamke mmoja ambaye harusi yake iliendeshwa na shangazi. Mwanamke huyo alikuwa katibu wa baraza la watumiaji wa huduma, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la viatu, yenye feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Kazi ya baraza ilikuwa kuwatetea watumiaji wa umeme na simu na kuwaelimisha haki zao. Mawakili na wachumi wa kujitolea walikuwapo. Hakukuwa na mtu wa kwenda mitaani kuzungumza na watu. Katibu alimwambia Kipaza hatahitaji kupaza sauti, maana kwa kawaida wanaokuja kwenye semina zao wanatosha kwenye benchi moja.

Semina yake ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Alipewa kijitabu, akakisoma: ushirikishwaji wa wadau, mapitio ya viwango vya huduma, na mengine ya ukoo huo. Mzee mmoja alisinzia waziwazi, bila hata kujaribu kuficha. Mama aliyeketi mbele aliuliza chai inakuja saa ngapi. Alipokaribisha maswali, mkono mmoja tu ulinyanyuka, na mwenye mkono akauliza kama si yeye aliyesherehesha harusi ya binamu yake, na kwa nini siku hizi haonekani.

Alirudi nyumbani amenywea. Akamweleza mumewe yote, jinsi alivyosoma vizuri na jinsi walivyomtazama kama ukuta. Fundi alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Umewaambia mambo yako. Ulipaswa kuwauliza yaliyowapata."

Semina iliyofuata Kipaza aliacha kijitabu ofisini. Alipanga viti mduara, akaketi kama wengine, akauliza swali moja: mara ya mwisho umeme au simu ilipokuharibia siku, ilikuwaje? Siku hiyo watu walikumbushwa mara mbili kwamba mlinzi anataka kufunga ukumbi. Na kila aliyemaliza kusimulia, Kipaza alimweleza kwa maneno ya kawaida haki yake ni ipi na aanzie wapi kudai. Kumbe elimu ile ile iliyowalaza watu wiki iliyopita, ikipachikwa kwenye jambo lililomuuma mtu, haisahauliki.

Ndipo likaja jambo kubwa. Shirika la umeme liliomba ruhusa kwa Mamlaka inayosimamia huduma hizo: lifunge madirisha ya kuhudumia wateja mitaani, liondoe namba ya simu ya bure, na kila kitu kihamie kwenye programu ya simu janja. Taarifa za kukatika umeme, malalamiko, maulizo, vyote humo. Sheria iliitaka Mamlaka isikilize wananchi kwanza, kwa hiyo siku ya mkutano wa maoni ikapangwa, na tangazo likawekwa gazetini, ukurasa wa ndani, kwa maandishi ya kusomwa na siafu.

Katibu alikata tamaa mapema. Alisema mkutano uliopita viti vilikuwa vingi kuliko watu, na kimya kile kikahesabiwa kuwa wananchi wamekubali.

Kipaza aliposikia hivyo aliona jambo analolijua. Akamwambia katibu kwamba hakuna harusi duniani iliyojazwa na tangazo la gazeti. Harusi hujazwa na kamati. Na kamati nzuri si ya watu wakubwa. Ni ya watu ambao wakikualika huwezi kusema una kazi.

Akaunda kamati. Alimchukua msusi, ambaye saluni yake haikosi wateja na masikio. Akamchukua mwenye bucha, kwa sababu kila nyumba ilipita kwake. Na akamchukua Bibi wa Ghorofani, mjane wa jengo la jirani aliyekuwa anajua nani anaumwa, nani kajifungua na nani kanuniana na nani. Kazi yao ilikuwa kumwalika kila mtu ambaye angekasirika akisikia kulikuwa na jambo na hakuambiwa. Idadi ya watu wa aina hiyo, kama mnavyojua, haina mwisho.

Mazoezi yalifanyika sebuleni kwake. Alitoa kanuni: kila mtu aseme jambo moja lililompata na ombi moja, akae. Na asirudie la mwenzake.

Tatizo lilikuwa mwenye bucha. Alikuwa mtu wa miraba minne, mcheshi kwa wateja, lakini jambo hili lilikuwa limemchoma. Umeme ulikatwa kutwa nzima watu wakibadilisha nyaya, taarifa ikatolewa kwenye programu ambayo hakuwa nayo, na nyama yake ikaharibika yote. Kila alipofungua mdomo kueleza, alianzia na mama wa meneja wa shirika.

Kipaza hakumkataza. Alimkalisha kwenye kochi, akamwambia, "Tukana hapa, yamalize yote. Kule nenda mtupu."

Mwenye bucha alitukana. Msusi alijifanya kuziba masikio. Bibi wa Ghorofani alisikiliza kwa makini na mara mbili akamsahihisha. Fundi alimletea maji. Akanywa, akatukana kidogo tena kumalizia yaliyobaki. Kisha akajifuta jasho. Kipaza akamuuliza sasa anataka nini hasa. Alikawia kujibu, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Nataka waniambie jana yake," akasema mwishowe. "Basi. Nikijua jana yake, nyama napeleka kwa mwenzangu mwenye jenereta."

Kipaza akamwambia hayo ndiyo maneno, na hahitaji mengine.

Siku ya mkutano ilipofika, mwenyekiti wa jopo la Mamlaka, mzee mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, aliingia ukumbini, akatoka, akasoma kibao cha mlangoni kuhakikisha hajakosea. Ukumbi ulikuwa umejaa. Fundi na vijana wa kanisa la jirani walikuwa bado wanaingiza mabenchi. Akina mama walivaa vizuri kama wanakwenda mahali pa maana, na kweli walikwenda.

Msemaji wa shirika alianza. Alikuwa binti nadhifu, mwenye adabu, na aliongea vizuri. Alionyesha picha ukutani: foleni zitakwisha, mteja atahudumiwa akiwa amekaa kwake. Hakuwa anadanganya. Wapo walioitikia kwa vichwa, maana nani anapenda foleni? Lakini maelezo yake yalikuwa marefu, na jopo nalo likamuuliza maswali marefu. Alipokaa, mwenyekiti alitazama saa, akasema anasikitika, muda uliobaki unatosha mwakilishi mmoja tu wa wananchi.

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Kipaza. Mtu akasema, "Dada, tusemee." Mwingine akasema amepatikana mwenyewe. Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono mpaka kikamfikia.

Alituambia baadaye kwamba alichokisikia alipokishika hakikuwa woga. Ilikuwa njaa. Alikuwa hajashika kitu kile karibu mwaka mzima. Ukumbi ule aliujua. Alijua aanze na utani gani, wapi ashushe sauti, wapi wapige makofi. Aliona kabisa jinsi angewashika wote kiganjani, mwenyekiti akiwemo. Akamtazama mumewe, aliyekuwa kasimama ukutani na benchi mkononi, yule aliyengoja zamu yake miaka yote.

Kipaza akasimama, akasema kwa ile sauti yake ndogo, na watu ikabidi wanyamaze ili wamsikie:

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi kazi yangu ni ushereheshaji. Mshereheshaji hakati keki. Anawaita wenye shughuli, anakaa pembeni. Wenye shughuli wapo, wamejipanga, na hakuna atakayerudia la mwenzake. Ukisikia mmoja amerudia, funga mkutano twende zetu."

Mwenyekiti aliteremsha miwani, akamtazama vizuri. Akainama kunong'onezana na wenzake. Kisha akasema watajaribu.

Mwenye bucha alikuwa wa kwanza. Wanaomfahamu walishika pumzi. Alieleza habari ya nyama yake kwa lugha ya heshima kiasi kwamba mke wake aligeuka kuhakikisha ni yeye. Akaomba aambiwe jana yake, kwa ujumbe wa kawaida ambao kila simu inaupokea. Mwishoni kabisa ulimi ulimteleza, akasema "na hawa mb—", akakohoa, akamalizia, "mabwana, tunawashukuru kwa kuja." Ukumbi ulicheka mpaka jopo likacheka.

Msusi akafuata. Yeye hakulalamika, alisifu. Alisema siku moja umeme ulikatika mteja wake akiwa nusu kichwa kimekauka, nusu kinachuruzika maji, na anakwenda kuposwa mchana ule. Akapiga namba ya bure, akajibiwa na mtu, akaambiwa umeme utarudi kabla ya adhuhuri. Wakangoja, ukarudi, binti akaposwa. Sasa mnataka kuiondoa namba hiyo, alisema, na wala haijatukosea. Ombi lake ni ibaki. Wengine wakaja mmoja mmoja, kila mtu na lake, kwa haraka ya watu waliofanya mazoezi, na kweli hakuna aliyerudia.

Wa mwisho alikuwa Bibi wa Ghorofani. Hakusimama, miguu ilikuwa inamsumbua. Akatoa mfukoni simu yake ndogo ya vitufe, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akainyoosha kuelekea kwa msemaji wa shirika.

"Mjukuu wangu, nimekusikia na nimekuelewa. Hebu nionyeshe. Kwenye hii niguse wapi?"

Hakukuwa na kejeli ndani ya sauti yake. Alikuwa anauliza kweli. Msemaji aliacha kiti chake, akateremka, akachuchumaa mbele ya bibi na kuipokea simu ile kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akabonyeza kitufe kimoja, kisha kingine. Hatimaye binti yule akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe, na bibi naye akacheka, akamshika bega.

"Haiwezekani, bibi," akasema msemaji. "Kwenye hii haipo."

Mwenyekiti akamgeukia karani wake, akamwambia hilo liandikwe kama lilivyosemwa.

Uamuzi ulichukua miezi. Ulipotoka, katibu alipanda ngazi za ofisi mbili mbili kuuleta. Programu ya simu ikaruhusiwa, kwa wanaoitaka. Namba ya bure ikabaki. Na shirika likatakiwa kutuma ujumbe mfupi wa kawaida, kwa Kiswahili kinachoeleweka, siku moja kabla ya kukata umeme kwa matengenezo. Madirisha ya mitaani hayakuokoka. Mengi yalifungwa, la kwetu likiwemo. Kwa hilo Kipaza alinuna kutwa nzima na hakutaka kupongezwa na mtu. Lakini msemaji yule, kwa hiari yake, aliwashawishi wakubwa zake afisa mmoja awe anakuja kukaa sokoni kila wiki, na meza akaipata mbele ya bucha. Siku ya kwanza afisa huyo alimkuta Bibi wa Ghorofani ameshafika, na kiti chake amekuja nacho.

Baraza lilimwajiri Kipaza moja kwa moja. Sasa anashughulikia mambo ya simu, vifurushi vinavyokwisha kabla mtu hajavitumia, na amepata kamati nyingine mtaa wa pili, yenye fundi cherehani ambaye, kwa maelezo yake, anaweza kualika watu akiwa na pini mdomoni.

Na ujumbe wa kwanza ulikuja. Ulikuwa asubuhi ya kawaida, simu zikalia mtaa mzima karibu kwa pamoja, kwenye saluni, kwenye vibanda, hadi ile iliyofungwa kwa mpira. Kesho umeme utakatwa kwa matengenezo, chomoa vifaa vyako, maelezo zaidi piga namba hii bure. Mwenye bucha aliusoma, akausoma tena kwa sauti kwa mteja aliyekuwa anangoja maini. Akaifuta mikono kwenye aproni, akapiga ile namba.

Ikaita. Mwanamke akapokea, akamsalimu, akauliza amsaidie nini.

Mwenye bucha hakuwa amejiandaa kwa hapo. Akatazama dari, akamtazama mteja wake, akatafuta swali asilione.

"Hakuna tatizo, mama," akasema. "Nilikuwa nawasalimia tu. Kazi zinaendaje huko?"

Mwanamke wa upande wa pili akacheka kidogo. Kisha akasema zinaenda vizuri, anashukuru, hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakaulizana hali za watoto, na maini yakakatwa.